Jibini Niliyoianika Juani

Siku tulipomzika Mama Nkatha kule Kiirua, kamati ya mazishi ilinipa dakika tatu. Ziliandikwa hata kwenye programu: "Rafiki wa biashara, dakika tatu," katikati ya mwakilishi wa kwaya na mwakilishi wa majirani. Kijana aliyeshika kipaza sauti alinikumbusha kwa kidole kwamba mvua inakuja na watu hawajala. Basi nikasimama, nikasema marehemu alikuwa mcha Mungu na mchapakazi, nikaketi. Ilikuwa kweli, lakini husemwa juu ya kila mtu anayezikwa huko kwetu, hata wale tuliowajua vizuri. Kisha mjukuu wake akasoma wasifu, akafika mahali palipoandikwa kwamba nyanya alipenda usafi kuliko kitu chochote, na mimi nikacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, ila viti vya plastiki vilikuwa vimebanana na mama aliyekaa mbele yangu akageuka. Nikajifunika uso kwa leso, watu wakadhani nalia, mmoja akanipapasa mgongo. Nilikuwa nimekumbuka jibini. Nakaribia miaka sabini, nimeuza vyakula maisha yangu yote, na bado nikisikia neno usafi naiona ile jibini imelala kwenye kichanja cha vyombo, inatokwa na jasho.

Nilifika Meru mwezi wa Januari, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Nilitoka upande wa Runyenjes, na mambo ya nyumbani nayaacha hapo hapo, kwa sababu wenyewe wangali hai na wanajua kusoma. Mama Nkatha alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Duka lake la vyakula lilikuwa ukingoni mwa soko la Gakoromone, pale magunia ya viazi yalipoishia na maduka ya mawe yakaanza. Hakuniuliza cheti. Alinishika mikono, akaigeuza viganja juu, akainusa. Nilikuwa nimenawa mara mbili pale stendi ya basi na sabuni ilikuwa bado inanukia. "Mwari wa Embu," akaniambia, kwani huko msichana huitwa mwari, "utakaa na mimi mwaka moja. Nataka kufungua duka ingine huko kwenu Embu mjini, Januari ile inakuja. Nikiona unaweza, funguo ni zako. Nikiona huwezi, nitakuambia mapema, sitakuzungusha." Nilizitaka zile funguo. Nilizitaka kuliko nilivyotaka mume, na wakati ule mume pia nilimtaka sana. Nilijiona nikishuka pale Embu na kufungua mlango wangu mchana kweupe, watu wakiniona, badala ya kurudi na sanduku lile lile nililoondoka nalo.

Duka lilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana. Cha mbele kilikuwa na kaunta, mizani, pipa la mafuta ya taa lenye pampu, gunia la dagaa tuwaitao omena, vitunguu, maharagwe meusi ya njahi, mikate na sabuni za vipande zilizopangwa mpaka darini. Cha kati kilikuwa cha friji. Ilikuwa friji ya zamani inayotumia mafuta ya taa, ikinguruma mchana kutwa na kutoa moshi mwembamba, na maziwa yaliyolala humo yaliamka yakinuka jiko. Cha nyuma ndicho kilichokuwa stoo, chenye kuta za mawe, sakafu ya udongo uliopigwa vizuri, na dirisha dogo la wavu lililoelekea mlimani. Humo kulikuwa na baridi hata mwezi wa Februari. Saa saba tulikula githeri humo, yaani mahindi na maharagwe, tumekalia makreti, na kupitia ukuta tuliwasikia vijana wa miraa wa chumba cha jirani wakifunga vifurushi na kusema watu. Kimeru changu nilikipata kwenye ukuta ule, na ndiyo maana mpaka leo najua matusi yake vizuri kuliko salamu zake.

Mwezi wa Machi akaja Mzee Kirimi. Alikuwa mtu wa Kiirua, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa kizito na koti lililofungwa vifungo vyote. Kabla ya uhuru alifanya kazi katika chumba cha maziwa cha mzungu mmoja upande wa Timau. Mzungu alipouza ng'ombe na kwenda zake, Mzee Kirimi alibaki na ujuzi wake, akaendelea kutengeneza jibini nyumbani kwake. Sisi sote tuliiita chizi; neno jibini nililipata baadaye vitabuni. Siku ile alileta magurudumu matatu, ndivyo tulivyoyaita kwa ajili ya umbo lake, kila moja upana wa sinia la chai, ndani ya kikapu kilichofunikwa kwa gunia bichi. Hakukiweka kikapu chini. Alisimama mlangoni nacho mkononi, akavuta hewa kwa pua.

"Mama Nkatha," akasema, "hapa siwezi kuacha chizi yangu. Hapa kuna samaki, kuna vitunguu, kuna mafuta ya taa. Chizi inashika harufu haraka sana. Jumapili mtu ataiweka kwa mkate, na ni taa atakuwa anakula."

"Kuna friji," Mama Nkatha akasema.

Akaenda akaifungua friji, akaifunga mara moja, akaipigapiga mlango kwa upole kama anayemuaga mgonjwa. Alipoingia stoo ndipo akakitua kikapu. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda mrefu. Tulinunua kabati la wavu ili panya wasifike, tukasimamisha miguu yake minne ndani ya mikebe ya maji ili sisimizi wasipande. Akanipa masharti na kunirudisha mwanzo kila nilipokosea. Gurudumu ligeuzwe kila siku. Lipanguswe kwa kitambaa kilichokamuliwa kwenye maji ya chumvi. Nisilifunge kwa nailoni, litatoa maji na kuoza. Kisu chake kiwe kimoja, kichemshwe, na kisiguse nyama wala samaki. Mikono niioshe kabla, si baada. "Na itaota ndevu," akamalizia. "Usiogope. Ndevu si ugonjwa. Unapangusa, unageuza, unaenda zako." Niliitikia ndiyo Mzee, ndiyo Mzee. Moyoni nilisema huyu ni mwanamume mzee anayejitafutia sababu ya kuishi na uchafu. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni ya bweni, ambako mwalimu alitukagua nyuma ya masikio kwa tochi, na sikuwa tayari kufundishwa usafi na mtu wa maziwa.

Mvua za Aprili zilipoanza, ndevu za ukungu zikaota. Kwanza zilikuwa nyeupe, kisha za kijivu, kisha upande mmoja zikawa kijani kabisa. Niliyapangusa magurudumu kwa chumvi kama nilivyoambiwa, na kesho yake zikawa zimerudi. Jambo hilo lilinitia aibu ambayo siwezi kuieleza vizuri kwa vijana wa siku hizi. Nilifunika kabati kwa shuka mteja asione. Halafu Jumatano moja, Mama Nkatha akiwa amekwenda Nkubu kwa shughuli za kanisa, zikaja habari kwamba daktari atapita kesho kukagua maduka. Daktari huyo alikuwa Bwana Kinoti, afisa wa afya. Kazi yake ilikuwa vyoo, mitaro na nyama, lakini kwa kuwa alivaa koti jeupe watu wote walimwita daktari naye hakukataa. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nikafanya lile ambalo msichana yeyote aliyelelewa vizuri upande wetu angefanya. Huko kwetu kibuyu cha maziwa kikinuka unakisugua, unakisuuza, unakianika juani mpaka harufu ife. Mwanamke ambaye ikifika saa nne vyombo vyake havijaanikwa, anasemwa mpaka kisimani. Basi nikachukua beseni, gunzi la mahindi na sabuni ya kipande, nikayasugua magurudumu yote matatu. Pale penye kijani nikaongeza jivu. Yalipong'aa nikayasuuza kwa maji matatu, nikayapanga uani kwenye kichanja cha vyombo, kati ya sufuria na chujio la chai. Mungu naye akatoa jua.

Bwana Kinoti alifika saa tano, na koti lake, tochi yake na kipimajoto chake mfukoni. Jua lilikuwa limeshafanya kazi. Magurudumu yalikuwa ya njano, yanameremeta, na yanatoa matone ya mafuta yaliyodondokea kwenye sufuria za chini. Kuku wawili walisimama wakitazama juu. Bwana Kinoti naye akasimama akatazama.

"Nani amefanya hii kazi?" akauliza.

"Ni mimi, daktari."

"Wewe ni wa wapi?"

"Embu, daktari. Runyenjes."

"Nimekagua hii mji miaka sita," akasema, "na sijawahi kuona chakula imeoshwa namna hii." Akaniomba nimkatie kipande. Akatafuna polepole, macho yakimlegea kidogo, nami nikaona povu dogo kwenye pembe ya mdomo wake. "Iko na ladha ya hospitali," akasema, na kwa sura yake nilijua hiyo ilikuwa sifa. Akaandika katika kitabu chake maneno mazuri juu ya duka letu, akanisomea kwa sauti. Kwa siku mbili nilitembea nimeinua kichwa. Naweza kusema sasa kwamba sijawahi kujivunia kitu chochote maishani, hata watoto wangu, kama nilivyojivunia jibini ile iliyoharibika.

Jumamosi Mzee Kirimi akapita. Mama Nkatha alikuwa amerudi, na mimi ndiye niliyewaongoza stoo, nikafungua kabati kama anayefungua zawadi. Ganda lilikuwa limepasuka, mafuta yametoka na kuganda, na harufu iliyotoka ilikuwa ya Jumatatu asubuhi kwenye shule ya bweni. Mzee Kirimi alivua kofia. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. "Miezi mitano," akasema. "Nimekaa na hii kitu miezi mitano. Ng'ombe alikamuliwa, alikunywa maji ya mlima, mimi nikaamka." Akavaa kofia, akatoka bila kuchukua kikapu chake. Mama Nkatha alikata kipande, akaonja, akaenda mlangoni akatema. Aliporudi aliniuliza nilitumia sabuni gani. Nikamwambia ile ya bluu. Akatikisa kichwa muda mrefu, na alipoongea sauti yake ilikuwa ya chini, jambo nililoliogopa zaidi. "Mwari, nilisema nitakuambia mapema. Basi nakuambia. Kwa hizo funguo umerudi nyuma sana." Magurudumu tulimpa jirani mwenye nguruwe. Nguruwe waliyala, lakini kwa kusitasita. Mimi nilikaa stoo kwenye kreti na kulia, na vijana wa miraa nyuma ya ukuta wakanyamaza kwa heshima, kisha wakaendelea.

Miezi mitatu kabati lile lilikaa tupu. Nililiosha kila wiki, na kila nilipoliosha nilijichukia kidogo. Kisha mwezi wa Julai upepo ukang'oa mabati ya chumba cha jibini cha Mzee Kirimi. Alikuwa na gurudumu moja kubwa lililoagizwa na masista wa misheni kwa ajili ya jubilii yao, ambapo askofu angekuja mwanzoni mwa Desemba, na halikuwa na mahali pa kukomaa. Alitembea maduka ya Meru siku nzima akiweka kiganja kwenye kuta. Jioni kabla hatujafunga akaja kwetu, akasimama mbele ya kaunta, akaongea na Mama Nkatha huku akinitazama mimi.

"Hakuna stoo ingine iko na baridi kama hii," akasema. "Si eti nimemsamehe."

"Hata mimi sijamsamehe," Mama Nkatha akasema. "Lakini hatarudia. Ameogopa sabuni mpaka nguo zake nafua mimi."

Hilo lilikuwa uongo, ila sikuwa katika hali ya kumrekebisha mtu. Nikalipokea gurudumu kwa mikono miwili. Lilikuwa zito, na nilipolilaza kwenye kabati nilimwambia Mzee Kirimi masharti yake yote kwa mpangilio, moja baada ya jingine, naye akasikiliza akitazama dari. Kuanzia siku ile nililigeuza kila asubuhi baada ya sala na kila jioni kabla ya chakula. Niliweka alama ya chaki nyuma ya mlango kila nilipoligeuza. Nilihamisha omena mpaka upande wa barabarani, na pipa la mafuta ya taa nikalijengea kibanda chake uani. Wateja walilalamika. Mama Nkatha alilalamika pia, lakini nilimwona siku moja, akidhani niko sokoni, ameingiza kichwa katika stoo ananusa hewa.

Agosti ilileta ukungu asubuhi na upepo mkavu mchana, na gurudumu likaanza kupasuka nyufa ndogo kwenye ganda. Kitambaa cha chumvi hakikutosha. Nilikuwa nimesimama uani nikiwa karibu kulia tena, ndipo Mutuma, mmoja wa wale vijana wa miraa, akanisemesha kutoka upande wake bila kuacha kufunga. Alikuwa na rundo la majani mabichi ya mgomba magotini, na vidole vyake vilikunja kifurushi, vikafunga, vikatupa, vikachukua kingine.

"Hiyo kitu yako inakauka kwa vile umeiacha uchi," akasema. "Hata miraa ukiiacha uchi, saa nane ni kuni. Funga na jani. Jani inashika maji lakini inapumua."

Alinifundisha jinsi ya kulipasha jani moto kidogo juu ya makaa lisipasuke, na jinsi ya kulipangusa kwanza. Nililifunga gurudumu, nikalifungua kila asubuhi, nikaligeuza, nikabadilisha jani kila siku ya tatu. Nyufa zikakoma. Mzee Kirimi alipokuja mwisho wa mwezi alilifunua, akanusa jani, akanusa jibini, akaninusa hata mimi. Aliuliza nani alinifundisha. Nikasema jirani wa miraa. "Mzungu wangu alikuwa analeta kitambaa na meli," akasema, akalifunika tena kwa jani. Wiki iyo hiyo Sista mkuu wa misheni alipita kuona jibini yake. Alisimama mlangoni akakipigapiga kile kifurushi cha majani ya mgomba kwa furaha, akasema Desemba itakuwa tayari na masista wote wanaingoja kwa hamu. Watu walikuwa wakipita. Kufika Jumapili soko zima lilijua kwamba masista wameanza kutafuna miraa, na kwamba wanatafuna kwa wingi.

Halafu zikaja mvua za Oktoba, na ndevu zikaja nazo. Safari hii sikuzifunika kwa shuka. Nilizipangusa zilipozidi, na zilipokuwa laini za kijivu nilizikubali. Siku hizi katika duka langu nina friji yenye taa na namba za baridi mlangoni, na vijana ninaowaajiri huziamini zile namba kuliko pua zao. Nawaambia namba ni nzuri, zitazameni kila saa, lakini muiname pia mnuse. Mwaka ule nilijifunza kuinama. Jibini inayooza ina harufu inayokupiga kichwani kabla hujafungua mlango. Ile yetu ilinuka uyoga, na udongo wa chini ya mti mkubwa baada ya mvua, na kila wiki harufu hiyo ilizidi kuwa tamu. Niliijua jinsi ninavyowajua watoto wangu kwa kikohozi.

Bwana Kinoti alirudi katikati ya Novemba, siku ya Jumatano. Aliingia akitabasamu, kwa sababu kumbe tangu Aprili alikuwa akinitaja katika maduka mengine kama mfano. Nilipofunua lile gurudumu tabasamu likamwisha. Lilikuwa limevaa ukungu wa kijivu kila upande.

"Wawira," akasema, akiniita kwa jina langu, "umeanguka."

"Sijaanguka, daktari. Hii ndiyo namna yake. Ile ya Aprili ndiyo nilikuwa nimeharibu."

"Ile ya Aprili niliandika kwa kitabu ilikuwa safi."

"Ilikuwa na sabuni, daktari. Ulikula sabuni."

Hapo nilikosea. Mtu wa koti jeupe haambiwi amekula sabuni mbele ya wateja. Nilimweleza chumvi, nikamwonyesha chaki nyuma ya mlango, kisu kilichochemshwa, mikebe ya maji, baridi ya ukuta. Alichomoa kipimajoto akakishika hewani, na hata kilipomwambia kwamba stoo ina baridi kushinda friji hakubadili uso. "Jumamosi saa sita nitapita," akasema. "Nikipata hiyo kitu bado iko hapa, nafunga. Na si kabati nitafunga. Ni duka yote."

Mama Nkatha alivumilia mpaka Ijumaa. Jioni hiyo, akifunga kaunta, aliniambia nilitupe. Nilijaribu kusema, akainua mkono. "Najua umefanya kazi. Masista nitaongea nao. Kirimi nitaongea naye. Lakini leseni ikienda, hakuna Meru, hakuna Embu, hakuna chochote. Kesho asubuhi niko kanisani na akina mama. Nikirudi nisiikute." Nililala nikijiambia kwamba nitatii. Asubuhi nililibeba mpaka mlango wa uani, jirani wa nguruwe akiwa ameshaarifiwa, ndoo yake mkononi, nikasimama pale. Nilinusa mara ya mwisho, na miguu ikakataa. Sikuwa jasiri, niliogopa. Lakini nilikuwa nimewahi kuua jibini tatu nikidhani natenda mema, na ile moja niliijua kuwa ni hai. Nikalirudisha kabatini, nikafunga stoo, nikaenda moja kwa moja mpaka ofisi ya Bwana Kinoti. Nilimkuta akinywa chai na mandazi.

"Daktari," nikasema, "usiingoje saa sita. Kuja sasa uikate wewe mwenyewe. Ukipata ubaya ndani, funga duka, na mimi nitapanda basi ya saa nane nirudi kwetu."

Akanitazama. "Mama Nkatha anajua umekuja?"

"Hapana."

Alimaliza mandazi, akachukua la pili, akalimaliza na hilo. Kisha akavaa koti.

Tulipofika dukani tulimkuta Mzee Kirimi, ambaye habari za kufungwa kwa duka zilikuwa zimemfikia, amekuja kulipeleka gurudumu misheni kabla ya saa sita, na Sista mkuu akiwa naye. Sikuwaeleza mambo mengi. Niliwaingiza stoo, nikalitoa gurudumu, nikaliweka mezani, nikaliondolea majani, Sista akafanya ishara ya msalaba. Wakati huo ndipo Mama Nkatha akaingia, amevaa sare ya kanisa na kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwapani. Akaona koti jeupe, akaona jibini, akaniona mimi. Alikalia kreti bila kuangalia kama kreti lipo. Bwana Kinoti alikataa kusaidiwa. Alishika kisu kile kilichochemshwa, akabonyeza kwa mikono yote miwili, na gurudumu likafunguka kwa sauti ndogo kavu. Ndani lilikuwa la njano tulivu kutoka ukingoni hadi ukingoni, bila doa, bila ufa. Alimulika kwa tochi. Akachomeka kipimajoto, sijui alitafuta nini. Akakata kipande chembamba, akakiweka mdomoni, akatafuna akitazama dirisha la wavu, na kutafuna kwake kulichukua muda mrefu kuliko mahubiri.

"Hii haina ladha ya hospitali," akasema mwishowe, na nilisikia kama ana masikitiko. Kisha akakata kipande cha pili, kikubwa zaidi, na cha tatu akakifunga kwa leso akakitia mfukoni pamoja na kipimajoto. Alitoka bila kuandika chochote. Sista akaanza kucheka, Mzee Kirimi akavua kofia na kujipepea nayo. Mama Nkatha peke yake ndiye aliyekuwa bado ameketi.

"Nilikuambia utupe," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ukakataa."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaenda ukamwita daktari kwa mguu yako, mimi nikiwa kanisani naimba."

Nilisema ndiyo mara ya tatu. Akainuka, akakata kipande, akala, akajipangusa vidole kwa kile kitambaa cheupe cha kanisa. "Huko Embu nitakuwa mbali," akasema. "Nitakuwa natuma maneno na watu wa basi. Siku ingine nitakosea, kwa sababu mimi nikishikwa na woga natupa vitu. Nataka mtu huko ambaye nikikosea hatanisikia. Januari utachukua funguo." Nikainama juu ya meza nikalia kwa nguvu, mbele ya Sista, bila hata leso. Mzee Kirimi akaivuta jibini polepole kutoka chini ya uso wangu.

"Lia ukiangalia kando, mwari," akaniambia. "Chumvi niliyotia inatosha."